Kuhusu hiyo sailensa ya bunduki uliyoambiwa Tunduma

Kamwene mwanangu, shikamoo yako nimeipata, marahaba. Swali lako nimelisoma mara mbili, ngoja nilirudie hapa kwa kifupi ili na wengine wajue tunaongelea nini. Umesema unalima mahindi na karanga upande wa Chunya, heka kumi na mbili hivi, nguruwe pori wanakumaliza usiku na nyani wanakumaliza mchana, una shotgani ya mitutu miwili ambayo umeirithi kwa marehemu baba yako kwa taratibu zote za polisi, na tangu msimu uliopita sikio lako la kushoto linalia kama nyenje usiku kucha. Jirani kakwambia Marekani sailensa za bunduki zinauzwa dukani kama sailensa za bodaboda, na kuna mtu Tunduma, pale mpakani, anasema anaweza kukuvushia moja, ukiifunga tu bunduki inakua kimya, nyani hawashtuki, unawadondosha mmoja mmoja. Unauliza kama ni kweli, na kama ununue.

Usinunue. Huyo mtu wa Tunduma achana nae leo leo, hata simu yake usipokee. Ila siwezi kuishia hapo maana nikikwambia usinunue tu utabaki na hamu, na ukibaki na hamu kuna siku nguruwe watakula heka nzima utampigia. Kwahiyo kaa nikueleze vizuri. Nimekua askari wa wanyamapori miaka ishirini na saba, na kumi na moja kati ya hiyo nilikua natunza ghala la silaha na kufundisha vijana shabaha, hivyo vifaa nimevishika, nimevifungua, nimepiga navyo, na sikio langu la kushoto nimeliacha hukohuko kazini. Kwahiyo unaposema sikio la kushoto mimi nakuelewa kuliko unavyodhani.

Na hapohapo naomba nianze na hilo sikio. Wewe bila shaka unalengea bega la kulia. Ukiweka shavu kwenye kitako cha bunduki, kichwa kinageuka kidogo, sikio la kulia linajificha nyuma ya kichwa chako mwenyewe na la kushoto linabaki limeelekea kule mbele kwenye mdomo wa mtutu. Ndo maana wapigaji wengi wa mkono wa kulia wanaanza kufa sikio la kushoto. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti, na mlio wa bunduki unavilaza kama upepo unavyolaza ngano, tofauti ni kwamba ngano inaweza kuinuka, hivyo vinyweleo vikishakufa haviinuki wala havioti upya. Huo mlio wa nyenje unaousikia usiku ndo dalili. Usiuchukulie poa hata kidogo.

Sasa turudi kwenye kifaa chenyewe. Watu wengi wamekijua kupitia sinema, jamaa anatoa bastola yenye kibomba mbele, inafanya "pyuu", mtu anaanguka na aliyekaa meza ya pili anaendelea kunywa chai. Hata hadithi zetu za Kiswahili za upelelezi zimejaa bastola zenye "kiwambo cha sauti" ambazo hazisikiki hata chumba cha pili. Hicho kitu mwanangu hakipo. Kwa bunduki ya kawaida na risasi ya kawaida, hakipo. Na mimi nadhani hilo jina sailensa ndo limeharibu akili za watu, maana linakuahidi ukimya, wakati kifaa chenyewe kinapunguza tu.

Bunduki haitoi sauti moja. Sauti ya kwanza ni ile hewa ya moto ya baruti inayotoka nyuma ya risasi kwa shinikizo kubwa mno na kukutana na hewa ya nje ghafla, ndo ule mshindo wenyewe. Sauti ya pili ni ya risasi yenyewe inapopasua hewa kama inaenda haraka kuliko sauti, inatoa mchapo kama wa mjeledi, na mchapo huo haukai kwenye bunduki, unasafiri na risasi njia nzima. Ya tatu ni vyuma vya bunduki vinavyogongana, na mwisho kuna ile risasi inapogonga inakoenda. Kifaa unachofunga mdomoni kinashughulika na ile ya kwanza peke yake. Ndani yake kuna vyumba vilivyotenganishwa kwa visahani vyenye tundu katikati, risasi inapita, ile hewa ya moto inabaki inahangaika kwenye vyumba, inapoa kidogo, inapungua nguvu, ndo inatoka. Chukua chupa ya soda ya moto uliyoitikisa kwenye gari kutoka Mbeya mpaka Makongorosi, ukifungua kizibo kwa mara moja italipuka, ukikilegeza polepole itafanya "shhh" mpaka iishe. Soda ni ileile na gesi ni ileile, umeipa muda tu. Na sailensa ya bodaboda inafanya hivohivo, kwahiyo jirani yako kwenye kufananisha hajakosea sana, kakosea tu kudhani kwamba bodaboda yenye sailensa haisikiki. Wewe ukiwa ndani umelala bodaboda yenye sailensa nzima ikipita barabarani huisikii?

Kwenye namba sasa. Raifo ya kuwindia inatoa kama desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 160 mpaka 170 pale kwa mpigaji, shotgani inacheza 150 na kitu mpaka 160. Kifaa kizuri cha kiwandani kinashusha desibeli 20 mpaka 35 hivi. Toa mwenyewe. Raifo ya 165 inabaki kwenye 135, 140. Ule msumeno wa mashine wanaokatia mipaina kule Sao Hill unafika kama 110 kwenye sikio la anaeushika, na unajua unavyosikika ukiwa Mafinga barabarani na upepo umekuja upande wako. Najua msumeno unaunguruma muda wote na bunduki ni kufumba na kufumbua, sio vitu vya kulingana moja kwa moja, lakini upate picha kwamba bunduki "iliyonyamazishwa" bado ina mlio unaozidi msumeno.

Hapa kuna watu watasema mzee, kutoka 165 mpaka 135 ni kama asilimia ishirini tu basi kifaa chenyewe hakina maana. Hapana, hilo nalo ni kosa la upande wa pili, na nimelisikia kwa watu wasomi. Desibeli hazihesabiwi kama debe za mahindi. Kila ukishuka desibeli 10 nguvu ya sauti inapungua mara kumi, kwahiyo ukishuka 30 imepungua mara elfu moja, japo sikio lenyewe linahisi kama imepungua mara nane hivi. Kwa sikio hiyo ni tofauti ya maisha. Wataalamu wa masikio wanatumia 140 kama mstari kwa mlio wa ghafla, juu ya hapo hata mlio mmoja unaweza kukuachia ulemavu. Kwahiyo kifaa kinaichukua raifo kutoka mbali sana juu ya mstari na kuileta kwenye mstari au chini yake kidogo. Hiyo ndo kazi yake. Haifanyi mtu asisikie, inafanya mpigaji asiwe kiziwi mapema, na hata hivo ukipiga nyingi siku moja bado unatakiwa uvae kinga, wanaosema ukishafunga kifaa huhitaji kuvaa chochote wanakudanganya.

Na ule mchapo wa pili hakuna kifaa kinachouondoa. Raifo kama .308 (hiyo namba ni unene wa risasi kwa inchi) inatoa risasi kwa zaidi ya mita 800 kwa sekunde, sauti inaenda kama mita 340, kwahiyo risasi imeiacha sauti mbali na inachapa hewa mpaka inakofika. Ili usisikie mchapo lazima utumie risasi za polepole, na risasi ya polepole ina nguvu kidogo na inadondoka haraka, umbali wako unabaki mfupi. Bunduki zilizowahi kua kimya kweli zilitengenezwa makusudi tangu mwanzo kwa kazi hiyo, kama ile De Lisle ya Waingereza wakati wa vita kuu ya pili, ilitumia risasi nene ya .45 ambayo kwa asili yake ni ya polepole, na ni ya karibu tu. Hiyo siyo bunduki ya baba yako uliyoichomekea bomba.

Kuna jambo moja kwenye hili ambalo nalipenda sana kwasababu ni la huku kwetu. Kasi ya sauti inategemea joto la hewa, kwenye sifuri ni kama mita 331 kwa sekunde, kwenye joto la 32 inafika kama 350. Sasa chukua risasi ndogo inayotoka mita 335. Kyela mchana wa Novemba, jasho linakutoka, inapita chini ya kasi ya sauti na huwezi kusikia mchapo. Panda nayo Makete alfajiri ya Juni, barafu imelala kwenye nyasi, risasi ileile inaweza kupita juu ya kasi ya sauti na ikachapa, ingawa na baruti nayo ikipoa inapungua nguvu kidogo. Niliwahi kuwaonyesha vijana wangu kitu kama hicho asubuhi na tukarudia saa nane mchana, walibishana siku nzima wakidhani nimebadilisha boksi la risasi.

Haya, tuje kwenye bunduki yako wewe. Shotgani ndo ngumu kuliko zote. Haitoi risasi moja, inatoa marisau, yani vigololi vidogo vingi, na kile kikombe cha plastiki kinachoyabeba, kundi zima, na likitoka mtutuni linaanza kutawanyika. Visahani vyenye tundu jembamba haviwezi kufanya kazi, inabidi kifaa kiwe na njia pana na ndefu ya kulishika kundi lisitawanyike. Kiwanda kimoja cha Marekani, SilencerCo, kilitoa kifaa cha shotgani mwaka 2014 kinaitwa Salvo 12, kikiwa kirefu kabisa kinafika sentimita 30 na uzito karibu kilo nzima, unakifunga mbele ya mtutu wenye nyuzi maalumu za kufungia. Mtutu mmoja. Ya kwako ina mitutu miwili imelala pembeni kwa pembeni, haina nyuzi. Kwahiyo nakuuliza, huyo wa Tunduma anakuletea kitu gani? Yani kabla hata ya sheria, kabla ya chochote, anakuuzia kitu ambacho kwa bunduki yako hakiwezi kukaa. Ama ni tapeli ama ana bomba la fundi wa kuchomelea, na bora awe tapeli.

Nasema bora awe tapeli kwasababu nimeona lile bomba. Tulimkamata jangili mmoja, miaka mingi sasa, hata jina lake silitaji, alikua na gobore na raifo moja kuukuu, na kwenye raifo kulikua na bomba limechomelewa mbele. Tulivyoiweka kwenye gunia nikaikagua, bomba lilikua limepasuka ubavuni kama ganda la ndizi, na ndani kwenye tundu la mbele kulikua na mchubuko unang'aa upande mmoja, yani risasi ilikua inagusa ukingo. Kutoka katikati ya tundu mpaka ukingoni ni unywele tu, kifaa kikikaa kombo kidogo tu risasi inakigonga, na ikikigonga inapasua chuma na vipande vinarudi kwa mwenye bunduki. Yule kijana mkono wake wa kushoto alikua ameufunga kwa kitenge. Vidole viwili havikuwepo. Alikua hajaenda hospitali siku nne kwasababu angeulizwa amepatia wapi, na mkono umeanza kunuka. Tulimpeleka sisi. Sijamsahau mpaka leo, alikua umri wa mwanangu wa pili.

Kuhusu Marekani sasa, jirani yako amesikia nusu. Kule kifaa hiki kimewekwa chini ya sheria kali ya silaha ya mwaka 1934, sheria ileile inayobana bunduki za rashasha. Majimbo 42 yanaruhusu raia kumiliki, mengine manane hayaruhusu. Hata kwenye yanayoruhusu sio kwamba unaingia dukani na hela mkononi unatoka nacho, unajaza fomu ya serikali kuu, unapeleka picha na alama za vidole, unachunguzwa, kifaa kinasajiliwa kwa namba yake, na ukikutwa nacho bila usajili unaweza kufungwa mpaka miaka kumi. Kulikua na kodi ya dola 200 ambayo mwaka 1934 ilikua hela ya kununua bunduki kadhaa, na cha ajabu haikuwahi kupandishwa mpaka ilipofutwa kwa vifaa hivi kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Kodi ndo imefutwa. Fomu, alama za vidole na usajili vipo palepale. Nadhani hizo habari za kufutwa kodi ndo zimefika kwa jirani yako zikiwa zimegeuka "zinauzwa bure".

Lakini pia wanaosema kwamba kifaa hiki ni cha wauaji tu nao wanakosea. Finland, Norway, wawindaji wengi sana wanatumia, ni kitu cha kawaida kabisa kama miwani, na Uingereza mwindaji wa paa anakiomba kwenye kibali chake. Wanakiona ni kinga ya masikio na heshima kwa majirani, na hawakiiti sailensa, Waingereza wanakiita kipunguza sauti, na mimi naona hao ndo wamekiita jina la haki.

Na aliyekianzisha hakua na mawazo ya mauaji. Wewe ni mtu wa nyanda za juu, bunduki ya Maxim lazima umeisikia kwa wazee, ile ya rashasha ya kwanza ya kujiendesha yenyewe, aliitengeneza Hiram Maxim mwaka 1884, na bunduki za rashasha za Wajerumani ndizo zilizowafyeka wazee wetu pale Mahenge Agosti 1905 wakati wa Maji Maji. Huyo Hiram Maxim alizeeka kiziwi, masikio yake yaliliwa na bunduki zake mwenyewe. Mtoto wake, Hiram Percy Maxim, ndo aliyepata hataza ya kifaa cha kupunguza mlio mwaka 1909, na mawazo hayohayo alikua anayatumia kwenye ekzosi za injini. Baba alileta mshindo, mtoto akaja kuupunguza. Kila nikikumbuka hiyo habari namkumbuka yule mzee kiziwi kwenye kiti chake na najiangalia mimi.

Nisisahau, kuna waliokwambia kwamba kifaa kinapunguza nguvu ya risasi. Hakipunguzi, risasi inatoka na kasi ileile au inazidi kidogo sana, kinachopunguza nguvu ni zile risasi za polepole nilizosema. Kinachobadilika ni mahali risasi inapofikia, ukiongeza uzito mbele ya mtutu shabaha inahama na lazima urekebishe upya. Bastola ya kuzunguka haifai karibu yote, kuna upenyo kati ya mtutu na kile kidumu cha risasi, sauti inatokea hapo pembeni. Na kifaa kinashika moto, risasi kumi za haraka ukigusa kwa mkono ngozi inabaki.

Sasa kwetu. Leseni yako ukiifungua imeandikwa aina ya bunduki, namba yake, na risasi. Hiyo ndo ruhusa yako, ina mipaka yake, iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kitu chochote unachotaka kukiongeza au kukibadilisha kwenye silaha, hata kukata mtutu ukawa mfupi, unaanzia kwa OCD wako, yani mkuu wa polisi wa wilaya, na kitabu mkononi, unauliza, unajibiwa kwa maandishi. Kuvusha kifaa cha silaha mpakani kimyakimya ni kesi, mtu wa Tunduma hatakua mahakamani na wewe, na silaha ya baba yako itachukuliwa na hutaiona tena.

Na naomba unielewe kwanini askari yoyote wa wanyamapori akiona bomba kwenye mtutu anaacha kukusikiliza. Tembo wa nchi hii mwaka 2009 walihesabiwa kama 109,000, mwaka 2014 wakahesabiwa kama 43,000. Miaka mitano. Tulikua tunalala juu ya majabali upande wa Ruaha, hatuwashi moto, hatuongei, tunachosubiri ni mlio. Mlio ukija tunachukua dira, mwenzetu wa jabali lingine nae anachukua dira yake, kwa redio tunalinganisha, asubuhi tunafika. Mlio ndo ulikua jicho letu usiku. Mtu anaetaka kuuondoa mlio porini, hata kama ni mkulima mwema kama wewe, kwa askari anaonekana mtu mmoja tu.

Halafu kuna jambo ambalo nashangaa hukulifikiria, na nalisema kwa upendo. Wewe ni mkulima. Unachotaka ni nyani waondoke, hutaki nyani waliokufa. Kinachowaondoa nyani ni nini? Ni mlio! Babu zetu walilinda mahindi kwa madebe na makelele na kombeo, kule Idodi na Pawaga wanaopakana na hifadhi wanawafukuza tembo kwa kelele, tochi, pilipili na mizinga ya nyuki. Bunduki yako faida yake kubwa shambani ni huo mshindo unaotaka kuulipia uondoke. Ukipiga kimyakimya unaua mmoja, wengine wanaruka hatua tatu, hawajui imetokea wapi, wanaangalia, wanarudi kula. Kundi la nyani thelathini utalimaliza kwa risasi ngapi, na risasi unapewa kwa idadi. Na nyani ana akili, akijua kuna mtu anatembea pembeni ya shamba kila siku saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi jioni, hiyo inamfukuza kuliko bunduki iliyoko ndani ya nyumba. Fyeka ule msitu unaogusa shamba, hatua thelathini hivi paonekane, nyani hapendi kuvuka pweupe. Nguruwe pori anapenda kupita njia ileile, tafuta alama za kwato asubuhi, ziba kwa miba au chimba mtaro hapo, funga mbwa wawili upande huo.

Na kabla hujaua mnyama pori hata kama yuko katikati ya mahindi yako, taarifa iende ofisi ya kijiji na kwa afisa wanyamapori wa wilaya, waje wakusaidie. Ukilazimika kua umeua kwa kulinda mali, unaripoti, na mnyama huyo sio kitoweo chako, ni nyara ya serikali. Wapo watu wako ndani kwasababu ya sufuria moja ya nyama ya nguruwe.

Sikio sasa, ndo nililotaka kufika. Hiyo hela ya mtu wa Tunduma, chukua kipande chake kidogo sana nenda duka lolote linalouza vifaa vya usalama kazini, Mwanjelwa hapo au Mafinga wanakonunua wakata mbao, nunua vizibo vya sponji vya masikio na yale makopo ya kufunika masikio ya nje. Vizibo watu wengi wanavivaa vibaya, wanavichomeka juujuu kama karanga. Unakiviringisha kati ya vidole mpaka kinakua chembamba kama kijiti cha kiberiti, mkono wa pili unapita juu ya kichwa unalivuta sikio kwenda juu na nyuma, unakisukuma ndani, unakishikilia kwa kidole nusu dakika kikivimba. Ukisikia sauti yako mwenyewe imekua kama unaongea ndani ya pipa, kimekaa. Hapo umeshapunguza desibeli 20 na zaidi, juu yake ukivaa makopo unaongeza kama 5 au zaidi kidogo. Yani umepata kinga sawasawa na kile kifaa, kihalali, na hakuna askari atakaekusimamisha. Pamba ya dukani haisaidii, maganda ya risasi wanayochomeka masikioni ndo kabisa, nimeona watu yakigoma kutoka.

Utaniambia usiku huwezi kuvaa makopo maana unataka kusikia nguruwe wakivunja mabua. Vaa sikio la kushoto kizibo muda wote, makopo yakae shingoni, ukiinua bunduki unayapandisha. Mazoea ya wiki mbili tu. Mtoto au mke akiwa pembeni nae avae, mwenye bunduki hua anajisahau kwamba mlio unawapiga na waliosimama nae.

Na kwa sasa hiyo bunduki iweke ndani kwanza, mwezi huu usipige hata moja. Nenda hospitali ya rufaa idara ya masikio, pua na koo, waambie upimwe usikivu kwenye mashine, sio kuangaliwa kwa tochi tu ukapewa dawa ya matone. Sikio la mpigaji linaanza kukatika kwenye sauti nyembamba, kwenye kipimo linaonekana kama shimo karibu na hezi 4,000 (kipimo cha wembamba wa sauti), na hapo bado mtu anajiona anasikia vizuri. Baadae ndo anaanza kukosa herufi, s na f na sh zinapotea. Mjukuu wangu ana miaka minne, anakuja ananiambia kitu kwa furaha kabisa, naona mdomo unacheza, nasikia sauti, sipati neno, namwambia rudia, anarudia, ya tatu anachoka anaenda kumwambia bibi yake. Ukiona sikio limezima ghafla siku moja, hapo usisubiri wiki, nenda sikuhiyohiyo maana kuna dawa zinazosaidia kama umewahi.

Wewe una umri gani, thelathini na ngapi? Hukuandika. Ukishapimwa niandikie wamekwambia nini, na uniambie la kulia nalo liko vipi.